Gari liliserereka na wanangu wakiwa ndani. Nilikosea wapi?

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Njombe mjini na ninafundisha sekondari iliyo nje ya mji, barabara ya kwenda Makambako. Leseni ninayo mwaka wa nne, gari mwaka wa pili: Toyota IST ya otomatiki niliyoinunua kwa mkopo wa Saccos, ambao bado naulipa.

Jumatatu moja ya Novemba nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wote wawili wakiwa kiti cha nyuma. Kiangazi kizima hatukuwa tumeona tone. Asubuhi hiyo yakaanza manyunyu, si mvua ya kusema mvua, hata waipa nilikuwa naziwasha na kuzizima. Kuna kona ya kushuka inayokunja kushoto, na mbele yake kuna karavati. Naipita kila siku ya kazi. Sikuwa na haraka ya ajabu, mshale ulikuwa kwenye 70 kama siku zote.

Nilipoingia kwenye kona nikaona gari linatanuka kuelekea mstari wa katikati. Nikashtuka, nikakanyaga breki. Hapo hapo nikahisi kama mtu anakivuta kiti kutoka chini yangu: nyuma ya gari inaondoka kwenda kulia, pua inaelekea mtaroni kushoto. Nikageuza usukani kulia kwa nguvu zangu zote. Gari likatii, kisha likatii kupita kiasi. Likarukia kulia, likavuka njia ya wanaotoka Makambako, likazunguka, likaishia kwenye mtaro wa ng'ambo likitazama tulikotoka. Mguu wangu ulikuwa bado umeganda kwenye breki. Haikufika dakika moja, lori la magogo likapita palepale tulipovukia.

Tulikuwa tumefunga mikanda wote. Mkubwa hakupata kitu, mdogo alijigonga paji la uso, akavimba kidogo. Lakini tangu siku hiyo manyunyu yakigonga bati usiku ananiuliza, "Mama, gari litalala tena?" Mimi mwenyewe sasa napanda daladala, gari nimelifunika turubai.

Kila mtu ana lake la kusema. Mume wangu anasema nilikosea kugeuza kulia, ningeshikilia usukani tu. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa Hiace, anasema breki ya kwenye mvua inakanyagwa na kuachiwa, na kwamba gari dogo ni jepesi nyuma, niweke kiroba cha mchanga kwenye buti. Jirani anasema kona ile ina mambo yake, wengi wameanguka pale. Mama mkwe anasema niliuze.

Fundi amelikagua gari, anasema halina tatizo. Taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasigande yakaacha kuzunguka, haijawahi kuwaka tangu ninunue gari, hata sekunde moja ninapofungua swichi, kwa hiyo najua mfumo ni mzima. Matairi nayo si mabaya. Mwezi wa nane nilinunua mawili mapya, fundi akayafunga mbele kwa kuwa ndiko injini inakovuta. Ya nyuma ni yale yaliyokuja na gari, na bado yana kashata, yale meno ya mpira yanayoshika barabara.

Naomba uniambie ukweli, Mwalimu. Nilikosea wapi? Na je, mtu anaweza kujua kwamba gari linataka kuserereka kabla halijaserereka?

Mama wa Wawili, Njombe

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Huyo mdogo mpe pole yake peke yake kutoka kwangu, maana swali lake ndilo limenifanya niweke barua nyingine zote pembeni.

Nianze na baba yao, kwa heshima zote. Kugeuza kulia hukukosea. Nyuma ya gari ikikimbilia kulia, usukani unaelekezwa kulia, uleule upande nyuma inakokwenda, ili matairi ya mbele yaendelee kutazama njia unayotaka kupita. Kama ungeushikilia tu wakati pua imeshaelekea mtaroni, mngeingia mtaro wa kushoto badala ya wa kulia, basi. Kilichowaangusha ni kilichofuata. Uligeuza kwa nguvu zako zote, na gari lilipoanza kunyooka hukuurudisha usukani katikati. Matairi ya mbele yakabaki yanatazama kulia. Yalipopata mshiko yakakimbilia yalikoelekezwa. Na mguu ulikuwa bado uko kwenye breki, ukiyanyima matairi nafasi ya kuzunguka. Mserereko wa pili, ule wa kurudi, mara nyingi ni mkali kuliko wa kwanza. Umejionea.

Kwa hiyo siku nyingine nyuma ikikuponyoka: mguu unatoka kwenye mafuta, haukimbilii breki, macho yanatazama barabara unayotaka kwenda na si mtaro unaouogopa, mikono inafuata macho, na mara tu unapohisi gari linanyooka unarudisha usukani kabla halijamaliza kunyooka. Mikono huwa inakwenda macho yanakokwenda. Mtu akiukazia macho mti, anaugonga mti.

Lakini hayo ni ya sekunde moja ya mwisho, mwanangu, na sitaki uishi kwa kuitegemea sekunde hiyo. Wanorwe waliwahi kuwawekea madereva wapya mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi. Watafiti walipofuatilia, miaka ya 1980, wakakuta vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo wanapata ajali za utelezi zaidi, si pungufu. Walijiona wanaweza kuliokoa gari, wakaongeza mwendo. Nimefundisha udereva miaka mingi baada ya kuacha malori, na nimeliona hilohilo kwa macho yangu: anayejua kutoka kwenye mserereko tu ni hatari, anayejua unakotokea ndiye anayefika. Kwa hiyo swali lako la pili ndilo lenye uzito. Ndiyo, mtu anaweza kujua. Gari lako lilisema. Tena lilianza kusema miezi mitatu kabla, mwezi wa nane.

Nazungumzia yale matairi.

Fundi aliyeyafunga mapya mbele hakuwa na nia mbaya, karibu mafundi wote wanafanya hivyo. Anafikiria kuvuta, na IST inavuta kwa mbele kweli. Lakini mbele ikiteleza, gari linagoma kukunja, linakwenda moja kwa moja. Unaachia mafuta taratibu, unaulegeza usukani kidogo badala ya kuuongeza, mwendo unapungua, mshiko unarudi. Wengi wanaweza hilo hata bila kufundishwa. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na hapo hata dereva wa miaka thelathini anahitaji bahati. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi wanashauri ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Yako yaliwekwa kinyume. Ulipokanyaga breki ndani ya kona, uzito wa gari uliinamia mbele, kwenye matairi mapya yenye kushika vizuri. Nyuma ikabaki nyepesi, imesimama juu ya matairi ya zamani, kwenye lami yenye unyevu. Mbele ikashika, nyuma ikaondoka.

Unasema ya nyuma bado yana kashata. Naomba ukaangalie vitu viwili. Kwanza ndani ya mifereji ya tairi utaona vituta vidogo vya mpira vimekatisha. Vina kimo cha milimita 1.6. Kashata ikishuka mpaka kulingana na vituta hivyo, tairi limekwisha. Ila kwenye mvua usisubiri hapo. Likishuka chini ya milimita 3 uwezo wake wa kusukuma maji pembeni unaanza kuanguka haraka. Kama huna kipimo, chukua njiti ya kiberiti, unene wake ni kama milimita 2. Ilaze ndani ya mfereji. Ikichomoza juu ya kashata, hilo tairi usilipeleke tena kwenye kona ya kushuka.

Cha pili ni umri, nacho ndicho kinachowaponyoka watu wanaonunua magari yaliyotumika. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka mwisho. Wakati mwingine mstari kamili uko upande wa ndani, utalazimika kuchungulia chini ya gari. Mwishoni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukisoma 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umeegeshwa. Unakauka, unakuwa mgumu, unapata nyufa ndogondogo kama kisigino cha kiangazi. Ukiuminya kwa ukucha hauingii. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata ndefu ya kupendeza na bado likateleza kwenye manyunyu, kwa sababu mpira mgumu hauikumbati lami. Ndiyo maana "bado yana kashata" hainitoshi.

Sasa taa ya ABS. Ukifungua swichi, kabla injini haijawaka, taa hiyo inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Ni mfumo unajikagua na kutoa taarifa kwamba upo. Taa isiyowaka kabisa haikwambii kwamba mfumo ni mzima. Inaweza kuwa balbu imekufa, na inaweza kuwa mtu aliitoa au kuifunika kabla ya kukuuzia gari, kwa sababu ilikuwa inawaka muda wote. Nenda kwa fundi wa umeme wa magari, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mwambie neno moja tu: "Nataka kujua ABS inafanya kazi au haifanyi." Usiondoke bila jibu.

Hilo ndilo litakalomjibu na shemeji. Ya kukanyaga na kuachia ni kweli kwa gari lisilo na ABS, ndivyo tulivyofundishwa sisi wa zamani. Kwenye gari lenye ABS nzima unakanyaga kwa nguvu na kubaki hapohapo. Pedali itatetemeka chini ya mguu na kutoa sauti ya kukoroga, na wengi wanashtuka wanaachia, wakidhani kitu kimevunjika. Ni mfumo unakukanyagia na kukuachia mara nyingi kwa sekunde kuliko mguu wa mtu yeyote, na faida yake kubwa ni kwamba unaendelea kuweza kukunja usukani. Ila kwenye changarawe na vumbi ABS inaweza kukuongezea umbali wa kusimama. Tairi lililogandishwa na breki lingejilimbikizia kokoto mbele yake likasimama, ABS hailiachi ligande. Kwa hiyo ukitoka kwenye lami kuingia njia ya kijijini, ongeza nafasi.

Mchanga kwenye buti usiweke. Shemeji analijua Hiace, na Hiace linasukuma kwa nyuma. Likiwa tupu kwenye tope, uzito kidogo nyuma unalisaidia kutoka. Lako linavuta kwa mbele, na kiroba kisichofungwa, gari likigonga, kinasonga mbele kwa mwendo ule uliokuwa nao. Na waliokaa kiti cha nyuma ni wanao.

Nirudi kwenye kona, maana hapo ndipo palipo na somo lenyewe.

Kila tairi linaigusa barabara kwa eneo la kama kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi, ndivyo vilivyobeba gari, wewe na watoto. Kiganja hicho kina nguvu yake yenye mwisho, na kazi zote tatu, kuongeza mwendo, kupunguza na kukunja, zinachota kwenye nguvu hiyohiyo. Ni kama mtu aliyejitwisha ndoo ya maji: anatembea vizuri, lakini ukimwongezea ndoo ya pili mkononi huku anapanda ngazi, yote yanamwagika. Ulipoingia kona kwa 70, matairi yalikuwa yameshatumia karibu yote kwa kukunja. Breki ilikuwa ndoo ya pili. Kwa hiyo breki ya kona inapigwa kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka. Ukishaingia, mguu unatulia, huongezi na hupunguzi kwa ghafla. Kwenye mteremko, weka gia ya chini, ile 2, ukiwa bado juu na mwendo umeshapungua, ili injini ikusaidie kulizuia gari. Usiipangue katikati ya kona. Na usije ukasikiliza wanaoshuka wakiwa wameweka nyutro ili kubana mafuta.

Tena mwendo una hesabu ya ukatili. Kona ileile ukiipita kwa 70 badala ya 50, nguvu inayolitupa gari nje haiongezeki kidogo, inakaribia kuwa mara mbili. Siku kavu matairi yako yaliimudu 70 kila asubuhi, labda kwa kubakiza akiba ndogo tu, wala hukuwa na namna ya kuijua akiba hiyo. Manyunyu yakaichukua.

Na manyunyu ndiyo mabaya. Watu wa huku kwetu wanaiogopa mvua kubwa na kuyadharau manyunyu ya kwanza. Miezi yote ya kiangazi lami inakusanya mafuta yanayodondoka kwenye injini, dizeli inayomwagika kwenye matenki ya malori yaliyojazwa pomoni, unga wa mpira wa matairi, vumbi. Mvua ya kwanza hailioshi hilo, inalikoroga. Unapata uji mwembamba juu ya lami. Mvua ikipiga kwa muda wa kutosha, uji unaoshwa na barabara inapata nafuu. Wewe ulipita kwenye uji.

Dalili sasa. Nitakueleza nilivyozijua, nazo nilizijua vibaya.

Msimu ule wa mvua za El Nino, 1997 kwenda 1998, nilikuwa naendesha lori la tela njia ya Dar es Salaam na Tunduma. Nilikuwa kijana, nimeshusha mzigo Tunduma narudi tupu. Nimeteremka Kitonga salama, nimefika chini huku Ruaha Mbuyuni barabara imelala, nikaona sasa nakula mwendo. Mvua imekatika, jua limetoka, lami inang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Usukani wa lori siku zote unakupa uzito fulani mikononi, unahisi barabara inaongea kupitia viganja. Ghafla ule uzito ukaisha. Usukani ukawa mwepesi kama sinia. Na ule mlio wa matairi kuchana maji, shshsh, ambao nilikuwa nimeusikia saa nzima, ukanyamaza. Utingo wangu, aliyekuwa na umri wa baba yangu, akasema, "Dereva, punguza, kumekuwa kimya." Nikamsikia, sikumsikiliza. Mbele kukatokea mbuzi, nikagusa breki kidogo, na kwenye kioo nikaliona tela langu mwenyewe linakuja ubavuni. Lilikatisha barabara nzima likalala. Mungu alinusuru, hapakuwa na gari linalokuja. Mzee yule hakunilaumu hata kwa neno moja, na sijayasahau maneno yake mpaka leo.

Alichokisikia yeye ndicho ninachotaka ukisikie. Usukani ukiwa mwepesi kuliko kawaida, mbele inaanza kuelea. Sauti ya maji chini ya gari ikibadilika au kukata, matairi hayagusi lami vizuri. Injini ikipandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, magurudumu yanayovuta yanazunguka bure. Gari likitanuka kwenye kona hata kwa shubiri moja kuliko ulivyolikunja, mbele imeshaanza kuteleza. Hiyo ya mwisho uliiona, na umeieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Ulichokosa ni kujua maana yake. Kwenye dalili hizo zote jibu ni moja: mguu wa mafuta unanyanyuka taratibu, kama unavyoutoa mkono kwenye kichwa cha mtoto aliyelala, usukani hauongezwi, breki haiguswi mpaka uzito urudi mikononi.

Na ziko dalili za kuona kwa macho kabla gari halijahisi chochote. Tazama alama za matairi ya gari lililo mbele yako. Zikibaki wazi nyuma yake, maji ni machache. Zikifungwa na maji mara tu anapopita, kuna kina. Maji yakiwa na kina, tairi linaweza kupanda juu yake kama ngalawa. Wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walilipima jambo hili kwenye matairi ya ndege miaka ya 1960, wakakuta kadiri upepo wa tairi unavyokuwa mdogo ndivyo linavyoelea mapema. Kwa hesabu yao tairi lenye upepo wa 32, kwa kipimo cha psi, linaweza kuelea likikaribia kilomita 95 kwa saa, na lililoshuka mpaka 20 linaelea kwenye 75 hivi. Kwa hiyo pima upepo kila wiki asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kulipiga tairi teke.

Lami ikiwa na rangi za upinde wa mvua, hiyo ni dizeli, na hupenda kumwagika hasa kwenye kona. Tope jekundu kwenye lami linamaanisha kuna trekta au lori la magogo limetoka shambani karibu. Chini ya miti mirefu ya barabarani lami inabaki na unyevu saa nyingi baada ya kwingine kukauka. Unatoka juani unaingia kivulini, na hapo hapo barabara imebadilika. Huku kwenu Njombe, na ukungu wenu wa asubuhi, lami inaweza kuwa imelowa bila tone moja kuanguka. Usipokuwa na hakika, sehemu iliyonyooka, ukiwa mwendo mdogo na huna mtu nyuma, gusa breki kwa wepesi uone gari linashika namna gani. Na umbali na aliye mbele: yeye akipita mti au nguzo, anza kuhesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Siku kavu usiifikie nguzo hiyo kabla ya mbili. Mvua ikinyesha, kabla ya nne.

Jirani yako anayesema kona ile ina mambo yake usimcheke. Ameona jambo la kweli, kwamba wengi wanaanguka palepale. Sababu ndiyo inayotafutwa. Siku kavu, mchana, nenda na baba watoto mkaegeshe mbali, mtembee kwa miguu mkiwa nje kabisa ya barabara, mmoja akitazama magari. Angalieni kama miti inaitia kivuli, kama kuna njia ya shamba inayomwaga tope, kama maji yanakatisha lami yakielekea kwenye karavati, kama barabara imelalia upande wa nje badala ya wa ndani. Nina hakika mtakuta kimojawapo, pengine viwili. Mkikikuta, kapelekeni taarifa ofisi ya barabara ya mkoa, maana aliyewatangulia kuanguka hapo pengine hakusema.

Kuhusu kuliuza gari, mama mkwe ana hofu ya bibi kwa wajukuu zake na nisingemjibu kwa ukali. Lakini daladala linapita kona ileile, na humo ndani matairi huyajui umri wake wala mguu ulioko kwenye breki huujui. Litoe gari kwenye turubai. Kwanza matairi: kama uwezo unaruhusu, nunua mawili mapya uyafunge nyuma. Kama fedha haipo mwezi huu, hamisha yale ya mwezi wa nane yaende nyuma, ya zamani yaje mbele ikiwa hayajafika kwenye vituta na hayajapasuka, na kwenye mvua usizidi 50 mpaka utakapoyabadili. Gari litakataa kukunja mapema zaidi, ndiyo, lakini litakwambia kabla halijakuzungusha.

Kisha tafuta uwanja mpana wa changarawe usio na watu wala nguzo, umwombe mwalimu wa udereva mwenye uzoefu akae pembeni yako. Watoto wabaki nyumbani. Kwa mwendo wa 20, mwisho 30, kanyaga breki kwa nguvu kwenye mstari ulionyooka mpaka uijue ile sauti ya kukoroga, au, kama ABS haipo, mpaka uhisi magurudumu yamefunga na ujifunze kuachia. Kunja kidogo huku ukigusa breki, uhisi mbele inavyokataa, kisha uachie uone inavyorudi. Nusu saa inatosha. Si mafunzo ya kukufanya shujaa wa utelezi. Nataka mikono na makalio yako yaifahamu ile hali mahali ambapo haiumi, ili ikija barabarani isiwe mgeni.

Siku utakayowapakia tena watoto, chagua siku kavu. Ile kona iingie kwa 50, breki ukiwa umeshaimaliza kabla ya kukunja. Manyunyu ya kwanza yakija, ingia kwa 40, na mdogo akikuuliza kama gari litalala, mwambie atazame mshale pamoja nawe na akusomee namba. Mtoto aliyepewa kazi hofu yake inapungua, na wewe utakuwa umepata utingo.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, chukua tochi ya simu ukasome zile tarakimu nne kwenye matairi ya nyuma. Niandikie ulichokikuta.